Kazi ya Kuuza Duka

Hapa shuleni mwanafunzi akipata alama mbaya wenzake humwambia, "Wewe jiandae kwenda kuuza duka," na darasa zima hucheka. Mimi pia nilikuwa nikicheka. Lakini katika likizo ya Desemba iliyopita nilipata kazi ya kuuza katika duka moja la rejareja huko kwetu Kiberege, nikafanya majuma manne, na katika likizo ya Juni nikarudi tena kwa majuma mawili. Tangu hapo sicheki tena. Nimeona yafaa nieleze kazi hii ilivyo, kwa kuwa wengi wetu tunaijua kwa kuitazama kutoka upande wa mbele wa meza, na upande wa nyuma una mambo yake.

Kwa wale wasiopajua kwetu, Kiberege kiko katika Wilaya ya Kilombero, Mkoa wa Morogoro, kando ya barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara. Upande mmoja ni milima ya Udzungwa, na upande wa pili ni bonde la mto Kilombero na mashamba ya mpunga. Watu wetu wengi ni wakulima wa mpunga, na wengine hulima miwa ya kiwanda cha sukari. Jambo hili nimelitaja mapema kwa sababu duka la kwetu haliendi kwa kalenda ya ukutani, bali huenda kwa kalenda ya mpunga, kama nitakavyoonyesha.

Duka lenyewe ni la chumba kimoja. Ndani mna sukari, chumvi, unga, mchele, sabuni za mche, mafuta ya kula, viberiti, betri, madaftari, ndala, vocha za simu na majembe machache. Mbele kuna dirisha lenye nondo na meza ya mbao, na nje kuna benchi ambalo wazee hukalia kuanzia saa kumi jioni. Mimi si Mchaga, wala sijafika Kilimanjaro, lakini tangu siku ya kwanza wateja waliniita "Mangi", kwa kuwa ndilo jina ambalo muuza duka hupewa karibu kila mahali nchini. Nililizoea upesi, hata mama yangu siku moja alipokuja kununua chumvi aliniita hivyo kwa utani.

Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi, maana watu wanaokwenda shamba hununua sukari ya chai na betri za tochi kabla ya jua kutoka. Ilimalizika saa tatu usiku. Mchana mwenye duka alinipokea kwa muda wa saa moja nipate kula, na Jumapili asubuhi alinipa nafasi ya kwenda kanisani. Ukipiga hesabu utaona kwamba zilipita saa 90 kwa juma. Saa hizo nyingi ni za kusimama. Katika juma la kwanza miguu ilinivimba, na usiku niliilaza juu ya gunia. Tena kuna jambo ambalo mtu wa nje halifikirii: muuzaji aliye peke yake hawezi kwenda hata msalani bila kufunga dirisha, na akifunga, hapo hapo ndipo mteja hufika, akagonga na kulalamika kwamba duka hili halina mtu.

Wateja wa asubuhi hasa ni watoto waliotumwa. Hawa huja wakiimba njiani kile walichotumwa, ili wasisahau. Mtoto mmoja alifika akiimba "chumvi ya mia tano, kiberiti kimoja," lakini mlangoni akakutana na mbuzi, akamkimbiza kidogo, na aliporudi dirishani wimbo ulikuwa umekwisha kichwani. Alinitazama, nikamtazama. Nikaanza kumtajia vitu kimoja kimoja, sabuni, sukari, majani ya chai, hata tulipofika kwenye chumvi uso wake ukang'aa. Kiberiti hakukikumbuka mpaka aliporudishwa na mama yake. Basi muuzaji lazima awe na subira na watoto, kwa sababu mtoto aliyefokewa leo kesho atakwenda duka la pili.

Mwenye duka ni mtu wa makamo, rafiki wa baba yangu. Nilimwita mzee, naye akaniita kijana. Siku ya kwanza alinipa mafundisho matatu. La kwanza: salimia kabla ya kuuliza haja. Kwa mzee, "Shikamoo" kwanza, sukari baadaye. La pili: kila kinachouzwa kiandikwe daftarini, hata kiberiti. La tatu alilirudia mara mbili: noti ya mteja isiingie ndani ya sanduku kabla ya kumaliza kumpa chenji. Iache juu ya meza, wote wawili mnaiona. Hesabu chenji, mkabidhi, aridhike, ndipo uiweke noti. Nilidhani fundisho hili la tatu ni dogo. Mtaona baadaye lilivyonifundisha kwa njia ya uchungu.

Sasa nieleze habari ya kupima, kwa kuwa hapa ndipo elimu ya kazi hii ilipo. Sukari huja katika mfuko wa kilo 50. Wateja wetu wengi hawanunui kilo, wananunua robo, na kila robo hufungwa katika karatasi. Mfuko mmoja hutoa robo 200. Wakati ule mwenye duka alinunua mfuko kwa shilingi 140,000, nasi tukauza kilo kwa shilingi 3,000, yaani robo kwa shilingi 750. Mfuko mzima ukiuzwa vizuri hutoa shilingi 150,000. Faida yake ni shilingi 10,000, na humo ndimo mnamotoka kodi ya chumba, nauli ya mzigo, na mshahara wangu.

Sasa tufikiri kwamba muuzaji ana mkono mzito, na kila robo anazidisha gramu tano, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Gramu tano mara 200 ni gramu 1,000, ambayo ni kilo moja. Shilingi 3,000 zimekwisha, karibu theluthi ya faida yote, na hakuna aliyeiba. Zimemwagika kijiko kwa kijiko. Jioni mwenye duka akihesabu atauliza, "Kilo imekwenda wapi?" nawe huna la kujibu. Mafuta ya kula ni hivyo hivyo. Kila unapopima, kidogo hubaki kwenye kipimo na kidogo hushuka ubavuni mwa dumu, na lita 20 ulizonunua haziwi lita 20 ulizouza.

Lakini geuza hesabu hiyo hiyo upande wa pili. Muuzaji akipunguza gramu tano kwa kila robo, atapata shilingi 3,000 zaidi kwa kila mfuko, na katika watu 200 hapana hata mmoja atakayejua. Ndiyo maana nasema kazi hii hujaribu moyo kila saa. Kwa sababu hiyo Serikali ina Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ambao hukagua mizani ya biashara na kuipiga chapa. Yafaa kila mnunuzi ajue mambo mawili. Mizani iwe mahali ambapo yeye anaona mshale, na kabla ya kitu kuwekwa, mshale uwe kwenye sifuri. Kutazama mizani si kumtukana muuzaji. Muuzaji mwema hufurahi ukitazama, kwa kuwa jicho lako ni shahidi wake.

Jambo la pili ambalo mtu hajui mpaka asimame nyuma ya meza ni madeni. Kwetu mpunga hupandwa mvua zinapoanza, katika Desemba na Januari, na huvunwa kuanzia Mei na Juni. Maana yake ni kwamba kutoka Januari mpaka Aprili watu wanafanya kazi nzito kuliko wakati wowote, na fedha mfukoni hawana. Miezi hiyo duka huishi kwa daftari la madeni. Mtu huja, husalimia, hutazama pembeni mpaka wengine waondoke, halafu husema kwa sauti ndogo, "Niandikie."

Mwenye duka alikuwa ameniachia orodha ya watu wa kuandikiwa, na mwisho wa kila mmoja. Wengine hawakuwamo. Siku moja alikuja bibi mmoja ambaye nimemjua tangu utoto, akaniambia, "Mjukuu wangu, niandikie sabuni nusu mche na robo ya sukari." Jina lake halikuwamo. Nilisema, "Bibi, mzee hajaniruhusu." Hakunigombeza. Alifunga tena fundo la khanga lake lililokuwa tupu, akasema, "Haya, baba," akaondoka. Afadhali angenigombeza. Jioni nilimweleza mwenye duka, akanyamaza, halafu akasema kwamba duka hilo hilo liliwahi kufungwa kwa miezi mitano kwa sababu ya kuandikia kila aliyeomba. Akasema, "Ukimpa kila mtu leo, kesho hapatakuwa na cha kumpa mtu yeyote." Lakini asubuhi yake aliliandika jina la bibi yule katika orodha kwa mkono wake.

Niliporudi mwezi wa Juni nilifungua daftari lile. Kurasa za Januari mpaka Aprili zilikuwa zimejaa, na mistari mingi ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, yaani imelipwa. Watu walikuja wenyewe baada ya kuuza mpunga, wengine kwa gunia zima mgongoni. Mstari wa yule bibi ulikuwa umekatwa pia. Ilibaki mistari michache isiyokatwa, na mwenye duka aliwajua wenyewe wote na shida zao. Nilijifunza kwamba daftari la madeni la duka dogo ni kama benki ya watu wasio na benki, na karani wa benki hiyo ni kijana asimamaye dirishani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Katika lugha ya duka fedha ikipungua sandukuni huitwa "shoti". Kila muuzaji analijua neno hili na kila muuzaji analiogopa. Jioni, duka likifungwa, hesabu ni moja tu: fedha ya chenji uliyoanza nayo asubuhi, ujumlishe mauzo yaliyoandikwa, utoe matumizi yaliyoandikwa. Jibu lake lilingane na fedha iliyomo. Isipolingana, wewe ndiwe wa kujibu.

Ilikuwa Jumamosi kabla ya Krismasi. Mvua ilinyesha tangu saa kumi, na watu wote walingoja ipungue ndipo waje kununua vitu vya sikukuu, kwa hiyo walikuja kwa pamoja. Saa moja usiku umeme ukakatika. Niliwasha taa ya betri, nikaitundika kwenye msumari, nikaendelea kuuza. Mikono ilikuwa mingi dirishani, kila mmoja ana noti yake na kila mmoja anaita, "Mangi! Mangi!" Saa tatu tulifunga, nikahesabu. Palitakiwa kuwa na shilingi 258,500. Palikuwa na shilingi 238,500. Nikahesabu mara ya pili, na mara ya tatu. Shilingi 20,000 hazikuwapo.

Mshahara wangu wa likizo nzima tuliokubaliana ulikuwa shilingi 60,000. Mwenye duka alikuja, akahesabu mwenyewe, akanyamaza. Halafu akasema, "Kijana, itabidi zitoke kwenye mshahara wako." Hakusema kwamba nimeiba. Lakini watu wawili wakiwa katika chumba chenye taa moja, na fedha imepungua, neno hilo halihitaji kusemwa. Usiku ule sikulala. Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na njia ya kuonyesha kwamba mimi ni mwaminifu. Mtu mwaminifu aliyekosea na mwizi, mbele ya sanduku lililopungua, wanafanana kabisa.

Asubuhi tulipitia daftari mstari kwa mstari. Tuliona kwamba mteja mmoja aliyenunua mafuta na unga alilipa kwa simu katika namba ya mwenye duka, nami katika haraka niliandika kana kwamba alitoa fedha taslimu. Mwenye duka alifungua simu yake, akaukuta ujumbe. Shilingi 12,000 zikapatikana. Zikabaki shilingi 8,000.

Nilifikiri sana juu ya shilingi 8,000 hizo. Noti ya shilingi 10,000 ina wekundu, na noti ya shilingi 2,000 ina rangi ya kahawia inayoelekea huko. Mchana huwezi kukosea. Lakini usiku, chini ya taa ya betri, karatasi ikiwa imelowa, mtu mwenye haraka aweza kupokea elfu mbili na kurudisha chenji ya elfu kumi. Tofauti yake ni shilingi 8,000 kamili. Nilikumbuka pia kwamba usiku ule sikuacha noti juu ya meza. Nilikuwa nikizitupa sandukuni kwa kuwa watu walikuwa wengi na upepo ulikuwa ukiingia. Basi kosa huenda lilikuwa langu. Mwisho wa Desemba nililipwa shilingi 52,000. Nilikuwa nimekusudia kununua viatu vya shule na tranka jipya. Nilinunua viatu, na tranka langu la zamani lisilofunga nikarudi nalo bwenini.

Kabla sijaondoka, mzee mmoja wa benchi la nje, ambaye alikuwa amesikia habari ile, aliniambia kwamba yeye pia aliwahi kuuza duka, duka la kijiji. Wasomaji wengi wa umri wangu hawazijui habari hizo, kwa hiyo nazieleza kwa ufupi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya jumla ilichukuliwa na Serikali, na baadaye kukawa na kampuni za biashara za mikoa. Mwaka 1976 ikafanyika Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ishikwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Muda si mrefu ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, na baada yake bidhaa zikawa adimu sana nchini. Sabuni na sukari zilitolewa kwa mgawo na watu walipanga foleni. Mwaka 1983 ukafanywa msako wa wahujumu uchumi, na kuanzia mwaka 1984 Serikali ikaanza kulegeza masharti ya biashara, bidhaa zikarudi kidogo kidogo.

Mzee yule alisema kwamba katika miaka ile muuzaji alikuwa mtu mkubwa. Watu walimsalimia kutoka mbali, kwa kuwa mche wa sabuni ulikuwa mikononi mwake. Lakini pia alikuwa mtu wa kushukiwa kuliko wote, maana sabuni ikipungua kila mtu alijua ni nani aliyeishika. Nikamwuliza walijikinga vipi. Akanijibu kwa swali: "Sisi tulihesabu watu watatu, na wote tukatia dole gumba. Wewe ulihesabu na nani?" Nikasema, "Peke yangu." Akasema, "Basi hapo ndipo ulipopotea, kabla hata umeme haujakatika."

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Uraia, naye akanionyesha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nilidhani sheria ni za makampuni makubwa, lakini kumbe muuza duka naye amo. Sheria hiyo inasema kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma, na mfanyakazi apate saa 24 za kupumzika kila juma. Habari ya shoti imo katika kifungu cha 28. Mwajiri hawezi kukata mshahara kwa ajili ya hasara kwa neno la mdomo tu. Lazima mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu yake, kiasi chake na jinsi kilivyopigwa hesabu, na apewe nafasi ya kujitetea. Tena makato yasizidi robo ya mshahara.

Nilijipima kwa kifungu hicho bila upendeleo. Robo ya shilingi 60,000 ni shilingi 15,000, kwa hiyo shilingi 8,000 hazikuzidi. Kosa, kama nilivyosema, huenda lilikuwa langu. Lakini hapakuwa na maandishi hata mstari mmoja, wala kwa upande wangu wala kwa upande wake, na kosa lenyewe halikuthibitishwa. Simlaumu mwenye duka kuwa mtu mbaya. Faida yake katika mfuko wa sukari mmesikia ilivyo ndogo. Naona tu kwamba hasara ikitokea, huteremka mpaka imfikie mtu wa chini kabisa, na huyo ndiye mwenye nguvu ndogo ya kuuliza maswali.

Wala jambo hili si la kwetu tu. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells, ambaye vitabu vyake vimesomwa duniani kote, akiwa kijana wa umri kama wetu aliwekwa kujifunza kazi katika duka la nguo huko Southsea, kuanzia mwaka 1881. Vijana wale walilala bwenini juu ya duka kama sisi tunavyolala hapa, wakafanya kazi kama saa 13 kwa siku. Wells hakuvumilia, akaacha mwaka 1883 akarudi kwenye elimu, na mwaka 1905 akatoa hadithi iitwayo Kipps inayomhusu kijana wa dukani. Mwaka 1911 sheria ya Uingereza ikawapa wauza duka nusu siku ya mapumziko kila juma. Ona jinsi jambo dogo kama nusu siku lilivyohitaji sheria ya Bunge.

Mwezi wa Juni nilirudi dukani kwa mwenye duka yule yule. Nilimwambia kwa heshima, "Mzee, nitafanya kazi kwa furaha, ila naomba tuhesabu wawili asubuhi, tuhesabu wawili jioni, na tutie sahihi." Hakupenda siku ya kwanza. Alisema, "Sasa umekuwa mkaguzi?" Lakini siku ya pili alikubali, tukanunua daftari la shilingi elfu moja kwa kazi hiyo.

Siku ya nne jioni sanduku lilipungua shilingi 5,000. Moyo wangu ulishtuka kama Desemba. Mwenye duka akashika kidevu, akafikiri, halafu akacheka. Asubuhi, nilipokuwa nyuma ya duka nikipanga chumvi, yeye mwenyewe alichukua shilingi 5,000 akampa kijana wa bodaboda aliyeleta mzigo, naye hakuandika. Tuliandika pale pale, tukatia sahihi. Kisha tulinyamaza wote wawili kwa muda. Sikusema neno juu ya Desemba, naye hakusema neno, lakini najua kwamba alikumbuka kama nilivyokumbuka. Kuanzia siku ile kila alipotoa fedha sandukuni aliandika yeye mwenyewe, bila kuambiwa.

Basi, wenzangu, hiyo ndiyo kazi tunayotishana nayo. Inataka hesabu za haraka zisizo na karatasi, kumbukumbu ya mamia ya bei, ulimi wenye adabu, miguu migumu, na moyo usioguswa na gramu tano za mtu mwingine. Mtu aliyefeli kila kitu hawezi kuifanya vizuri hata kwa siku tatu. Kwa wale miongoni mwetu watakaoifanya baada ya mtihani wa Novemba, nawapa niliyoyapata: noti ikae juu ya meza mpaka chenji ikamilike, malipo ya simu yawe na ukurasa wake, na usikubali kamwe kuhesabu peke yako.

Kwa wazazi wenye maduka nasema kwa heshima: kijana unayemwajiri, awe ndugu au si ndugu, hesabu pamoja naye. Kufanya hivyo si kumshuku. Ukihesabu naye umemlinda yeye na wewe pia umejilinda, maana fedha haina jina, na ikipotea humpa jina baya aliye karibu nayo.

Na sisi sote tunaonunua, tukifika dirishani tukamkuta kijana amechoka, tumsalimie kwanza. Tukipewa chenji iliyozidi, tuirudishe. Mimi ningali nikifikiri kwamba yuko mtu Kiberege ambaye usiku ule wa mvua alitoa elfu mbili akarudishiwa chenji ya elfu kumi. Pengine hakuihesabu mpaka alipofika nyumbani. Kama aliihesabu, naomba ajue kwamba shilingi 8,000 zile hazikutoka katika sanduku la duka.